Mwamba wa Pwani na Ugonjwa wa Kuoneana Muhali

Wako watu wadhanio kwamba mji huharibiwa na adui atokaye mbali. Sisi tumeishi zaidi ya miaka hamsini katika mwambao huu wa Tanga, na tuliyoyaona ni kinyume cha hayo. Mara nyingi mji huharibiwa na mtu tunayemjua, tunayemwamkia asubuhi na kuswali naye safu moja, na ambaye tunaona muhali kumwambia neno. Kwa hiyo leo tumependa kuwaandikia wasomaji wetu habari za baruti baharini, na habari za kamati na vikundi vya wanakijiji vilivyosimama kulinda mwamba wao, ili kila nyumba ijipime yenyewe iko upande gani.

Tulipokuwa wanafunzi wa chuo, katika miaka ya 1980, mwalimu wetu alitusomesha barazani baada ya swala ya alfajiri. Kijiji chetu kiko baina ya Tanga na Pangani, na bahari i mbele ya chuo. Asubuhi bahari ikiwa shwari, mara nyingi ulisikika mlio kutoka mwambani. Haukuwa mlio mkubwa; ulikuwa kama mlango uliobamizwa katika nyumba ya pili. Wanafunzi wakubwa waliacha aya katikati wakatazamana, kwani walijua ya kuwa muda si muda samaki watashuka pwani, na atakayewahi hatarudi na kikapu kitupu. Mwalimu aligonga bakora sakafuni, nasi tukaendelea kusoma. Juu ya mlio ule hakusema neno, wala hapana mtu mzima aliyesema.

Baadaye sisi wenyewe tukawa walimu wa chuo kile kile. Mzazi mmoja alikuwa na desturi ya kutuletea samaki kila Alhamisi, changu na tasi wa kutosha nyumba nzima. Siku moja mama watoto aliwapasua samaki wale akatuita jikoni. Uti wa mgongo ulikuwa umevunjika, na damu imeganda pembeni yake. Akasema, "Mwalimu, samaki hawa hawakuvuliwa kwa mshipi." Tukaelewa, na tukala. Tuliona muhali kumrudishia mtu zawadi yake, na tukaona muhali mkubwa zaidi kumwuliza ameipata wapi. Tumelitanguliza jambo hili ili msomaji asidhani kwamba anayemwusia ni mtu aliyekuwa mbali na lawama.

Baruti yafanya nini

Mvuvi wa baruti hatafuti samaki mmoja mmoja. Hungojea kundi limekusanyika juu ya mwamba, kisha huwasha utambi akatupa chupa. Kishindo kile hupasua vibofu vya hewa vilivyomo matumboni mwa samaki. Baadhi yao huelea, na hao ndio wanaookotwa. Wengi huzama, wakaoza chini bila ya kumfaa mtu yeyote. Hufa wakubwa na wadogo pamoja, na mayai na vifaranga ambavyo vingekuwa riziki ya miaka ijayo.

Hasara ya pili ni kubwa kuliko hiyo. Matumbawe tunayoyaona kuwa mawe ni viumbe hai, na wale wenye umbo la duara hukua kiasi cha sentimita moja tu kwa mwaka. Jiwe lililofika kimo cha mtoto wa darasa la kwanza limejengwa kwa umri wa mtu mzima na zaidi, na chupa moja hulivunja kwa kufumba na kufumbua. Vipande hubaki vikibiringishwa na mawimbi, na juu ya kifusi kisichotulia tumbawe jipya halipati mahali pa kushika. Na mwamba ndio nyumba ya changu, chewa, pono na pweza. Tena ndio boma livunjalo nguvu za mawimbi kabla hayajaufikia ufuo na minazi yetu. Basi mwenye kuuvunja amebomoa nyumba ya samaki na ukuta wa jirani yake kwa mpigo mmoja.

Sheria ilikuwapo, mlinzi hakuwapo

Uvuvi wa baruti umejulikana Tanzania tangu miaka ya 1960, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970 iliukataza. Hata hivyo uliendelea. Vitu vya kulipuka vilipenya kutoka machimboni na mahali pa kupasulia mawe, na wengine wakajifunza kujitengenezea wenyewe. Bwana samaki wa wilaya alikuwa mmoja, na pwani ni ndefu, yenye vijito na mikoko isiyohesabika. Kila alipokuja, habari za kuja kwake zilimtangulia.

Lakini tusimlaumu bwana samaki peke yake. Kijijini kila mtu alijua nani anapiga baruti. Alijua chombo chake na mahali anapoficha, na alimjua tajiri wa mjini anayempa fedha na kuchukua samaki wake. Palipokuja askari na kuuliza, kijiji kizima kilikuwa kipofu na kiziwi. Huyu alisema ni shemeji yangu, na yule alisema ni mtoto wa marehemu rafiki yangu. Mwingine alikuwa amekopeshwa fedha za matibabu, na mwalimu wa chuo alikuwa ameletewa changu siku ya Alhamisi. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Kamati za vijiji

Mwaka 1994 ulianzishwa mpango wa kuhifadhi na kuendeleza ukanda wa pwani ya Tanga, uliowahusisha wakazi wa Tanga mjini, Muheza na Pangani. Na wilaya ya Mkinga, iliyokatwa baadaye kutoka Muheza, ilikuwa ndani yake. Fedha zilitoka serikali ya Ireland, na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilitoa ushauri wa kitaalamu. Jambo jipya katika mpango ule halikuwa fedha wala wataalamu, maana hivyo tulikuwa tumekwisha kuviona. Jipya ni kwamba wanakijiji waliulizwa. Waliketi wakataja wenyewe mambo yanayowasumbua: samaki wamepungua, baruti zinapigwa, mikoko inakatwa, ufuo unaliwa na maji. Kisha wakaulizwa: nyinyi mtafanya nini?

Kigombe, iliyo njiani baina ya Tanga na Pangani, ilikuwa miongoni mwa vijiji vya mwanzo. Mwaka 1996 wanakijiji wake walikubaliana kuifunga miamba miwili, Kitanga na Upangu, asivue mtu ndani yake, ili samaki wapate mahali pa kupumzika na kuzaa. Msomaji wa bara huenda asiuone uzito wa neno hilo. Mwamba wa karibu ndio duka la mtu asiyekuwa na chombo kikubwa. Kuufunga ni kukubali kupiga kasia mbali zaidi, au kurudi na kidogo, kwa kutumainia faida itakayokuja baadaye na ambayo huenda ikamfikia mwingine. Watu maskini walilikubali hilo kwa hiari katika mkutano, na tangu siku hiyo tumeacha kusema kwamba maskini hafikirii kesho.

Vijiji vingine vikafuata, hata pwani yote ya mkoa, kutoka Mkwaja upande wa kusini mpaka karibu na mpaka wa Kenya, ikagawanywa katika maeneo sita, kila eneo likisimamiwa na vijiji vyake pamoja na halmashauri. Walichaguliwa wajumbe wa kamati za mazingira, zikaandikwa kanuni, na wanakijiji wakatoka doria pamoja na askari wa jeshi la majini. Milio ya baruti ikapungua mno.

Kijijini petu nako iliundwa kamati, lakini sisi hatukwenda katika mkutano wa kwanza. Tulijiambia kwamba kazi yetu ni kusomesha, na mambo ya bahari yana wenyewe. Ukweli ni kwamba tuliogopa kukutana macho na yule mzazi wa Alhamisi.

Kilichotutoa nyumbani ni msiba. Mtoto wake, tuliyekuwa tukimsomesha, alifuatana na baba yake baharini. Alikuwa na umri wa miaka 16, naye alikuwa na hati nzuri kuliko wenziwe wote. Utambi ulikuwa mfupi, chupa ikalipuka kabla haijamtoka mkononi. Alirudishwa pwani amefungwa shuka ya baba yake, mkono wa kulia hauko. Tulikwenda kumtazama hospitali, na baba mtu alituinamishia kichwa bila ya kusema kitu, nasi hatukuwa na la kusema. Tungeweza kusema mapema, siku zile za samaki, na huenda angetukasirikia mwezi mmoja au miwili. Sasa ilikuwa kuchelewa. Yule kijana leo ni mtu mzima. Huuza kahawa jioni, na birika hulishika kwa mkono wa kushoto.

Chombo ni kimoja

Tulipohudhuria mkutano uliofuata, mzee mmoja alikumbusha mfano alioupiga Mtume wetu (S.A.W.), ambao ameupokea Bukhari kutoka kwa Nuuman bin Bashir, na ambao wengi wetu tumeusoma lakini hatukuufikiria baharini. Ni mfano wa watu walioshirikiana chombo kimoja, wakapiga kura, wengine wakapata juu na wengine wakapata chini. Wa chini walipotaka maji iliwabidi wapande kwa wenzi wao, wakaona haya kuwaudhi, wakafikiri kwamba afadhali watoboe tundu katika sehemu yao wenyewe. Mtume akatufahamisha kwamba wa juu wakiwaacha, wote wataangamia. Na wakiwashika mikono, wote wataokoka.

Yule mzee akasema: tazameni, hao wa chini hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa na haja ya maji, tena waliona haya. Na sisi wa juu nasi tunaona haya. Basi kama wote tutaoneana haya, chombo kitazama kwa adabu.

Maneno hayo yalifanya kazi kuliko vitisho, kwa sababu yalimpa kila mtu nafasi. Mpiga baruti hakutajwa kuwa shetani. Alitajwa kuwa ni mwenzetu mwenye haja, anayetoboa chombo. Wajibu wetu ni mambo mawili pamoja: kumshika mkono asitoboe, na kumpandisha juu apate maji. Kijiji kinachofanya la kwanza tu kitaonekana kuwa adui wa maskini wake, na kinachofanya la pili tu kitazama pamoja na huruma zake.

Kulegea na kuamka tena

Ingependeza lau tungeweza kumaliza habari yetu hapa. Baada ya mwaka 2003 milio ilianza kurejea. Doria zilipungua, waliokamatwa walionekana wamerudi pwani upesi, na wajumbe waliosimama kutoa ushahidi wakajiona wameachwa peke yao na uadui wa jamaa. Mwaka 2007 mpango wenyewe ukafika mwisho wake. Kamati iliyozoea kupewa mafuta ya mashua na mtu mwingine, mafuta yakikoma nayo hukoma. Hili ni somo kubwa kwa kila chama cha mtaa: msaada wa mgeni ni baraka, lakini chama kisichoweza kuishi walau mwaka mmoja kwa ada za wanachama wake hakijawa chama bado.

Katika miaka hiyo hiyo Mwenyezi Mungu alitufunulia ajabu. Wavuvi wetu waliokuwa wakitega majarife katika maji ya kina walianza kutoa samaki wasiyemjua, mnene, mwenye magamba magumu na mapezi kama miguu. Wataalamu wakamtambua kuwa ni silikanti, samaki wa kale sana, ambaye ulimwengu ulidhani ametoweka kabisa mpaka alipopatikana Afrika ya Kusini mwaka 1938. Kwa ajili yake, mwaka 2009 ilitangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, kutoka kaskazini ya mto Pangani mpaka Mafuriko, kupita mji wa Tanga. Basi vijiji vyetu vikajikuta ndani ya hifadhi, yenye faida zake na masharti yake.

Ama baruti, mwaka 2015 wataalamu walipita mwambao wote wa Tanzania na chombo cha kusikilizia chini ya maji. Kwa muda wa mwezi mmoja tu walihesabu milipuko 318, na zaidi ya nusu yake ilikuwa katika bahari ya karibu na Dar es Salaam. Mwaka huo huo serikali iliunda kikosi kilichokusanya idara mbalimbali, na katika miaka michache iliyofuata milio ilipungua sana pwani yote. Safari hii walifuatwa pia wenye kuuza vitu vya kulipuka na wenye kutoa fedha, wala hawakusakwa vijana wenye mitumbwi peke yao. Na hivyo ndivyo haki itakavyo, kwa kuwa mwenye kupoteza mkono ni mmoja, na mwenye kula faida ni mwingine.

Chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 viliundwa vikundi vya wenyeji vya kusimamia uvuvi, vinavyojulikana kwa herufi za BMU. Vikundi hivyo ndivyo warithi wa zile kamati za zamani. Vingine vina nguvu, na vingine vina muhuri na mwenyekiti tu. Tumejaribu kutazama tofauti yao iko wapi, na tumeona mambo matatu. Chama chenye nguvu husoma hesabu ya fedha mbele ya wote, mpaka senti ya faini. Huwashirikisha wanawake, kwa sababu wao ndio waokotao pweza na chaza maji yakitoka, na mwamba ukifungwa wao huumia kwanza. Kuwafungia bila ya kuwauliza ni dhulma. Na cha tatu, sheria yake humshika jamaa wa mwenyekiti kama inavyomshika mgeni. Panapokosekana hili la tatu, mawili ya kwanza hayadumu.

Wajibu wa nyumba

Huenda msomaji akasema: mimi si mvuvi wala si mjumbe, jambo hili lanihusu nini? Twamjibu kwamba baruti haikuwahi kuishi kwa wavuvi. Imeishi kwa wanunuzi. Samaki wa baruti asiponunuliwa hapana atakayehatarisha mkono wake kwa ajili yake.

Basi mama mwenye nyumba ajue kumtambua. Samaki wa baruti nyama yake huwa laini, haina ushupavu ukiibonyeza. Macho mara nyingi yana damu. Ukimpasua utaona damu imevilia kando ya uti, na mara nyingi mifupa imevunjika. Naye huharibika upesi kuliko wenziwe. Ukimkuta, mrudishie mchuuzi kwa upole, umwambie sababu mbele ya wateja wengine. Hakuna haja ya matusi. Akirudishiwa na nyumba tatu katika mtaa mmoja, kesho hatamchukua pwani.

Na baba mwenye nyumba asiwe kama tulivyokuwa sisi. Ukiletewa zawadi nawe unajua ilikotoka, irudishe kwa maneno mazuri, na umwendee mwenyewe faraghani kabla ya kumpeleka mbele ya watu. Mwulize ana dhiki gani. Kama ni mtaji wa nyavu, mtaa unaweza kumchangia. Tumewaona watu wakichanga kwa harusi ya siku moja fedha ambazo zingenunua nyavu mbili. Asiposikia, basi kamati na sheria ziko, na kusema kweli mbele yake si kumsaliti jamaa.

Nasi walimu tunalo fungu letu. Watoto wanaosoma barazani kwetu wanasikia tunayoyasema na wanasikia pia tunayoyanyamazia. Mwalimu wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alitufundisha mengi mema, lakini ile bakora aliyogonga sakafuni kila mlio uliposikika ilitufundisha kuendelea kusoma kana kwamba hapana jambo. Siku hizi asubuhi bahari ikiwa shwari huwauliza wanafunzi wetu wamesikia nini. Mara nyingi hujibu kwamba wamesikia kunguru na mawimbi. Twawaambia washukuru, na wajue kwamba kimya hicho kimelindwa na watu waliokubali kukasirikiwa na jamaa zao.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape nguvu wanaolinda, awape riziki ya halali walioacha, na atuondolee sote ugonjwa wa kuoneana muhali katika jambo linalotuzamisha pamoja. Amin.